Mtoto ana mwaka na nusu hajatembea: tuache kumsaka aliyembemenda, tumwangalie mtoto mwenyewe

Mama Mazoezi (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Kina mama mnaolala na mawazo kwa sababu mtoto hajapiga hatua, poleni sana, uzi huu ni wenu.

Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, nafanya kazi na watoto katika hospitali moja ya mkoa huku bara. Naletewa watoto wengi ambao hawajatembea, na mara nyingi kabla sijamgusa mtoto nakuta kesi imeshahukumiwa nyumbani. Mama kambemenda. Au baba katoka nje ya ndoa, akarudi akamshika mtoto. Miezi imeisha kwenye vikao vya ukoo, dawa za kuogeshea na kamba za kiunoni, na hakuna hata mmoja aliyemvua mtoto nguo akamwangalia nyonga, miguu na mgongo. Hilo linaniuma, ndiyo maana naandika.

Tuanze na umri, maana hofu nyingi huishia hapo. Shirika la Afya Duniani lilifuatilia watoto 816 wenye afya na lishe nzuri katika nchi tano: Ghana, India, Norway, Oman na Marekani. Matokeo yalitoka mwaka 2006. Nusu ya watoto hao walikuwa wanatembea wenyewe walipofika miezi 12. Lakini waliowahi kabisa walianza na miezi minane na kitu, na waliochelewa wakasogea hadi miezi 17 na nusu. Wote hao ni watoto wazima. Kati ya wa mbele na wa nyuma kuna zaidi ya miezi tisa, yaani mimba nzima inaingia hapo katikati.

Kwa hiyo mtoto wa miezi 13, 14 au 15 anayekaa vizuri, anayesimama dede kwa kushika stuli, anayezunguka kochi akiwa ameshikilia, anayecheka na kugeuka akiitwa jina, huyo hajachelewa. Wa jirani alitembea na miezi tisa? Mpe hongera yake. Kule Zurich, Uswisi, watoto walifuatiliwa tangu wachanga mpaka wakawa wanafunzi wakubwa, na waliowahi kutembea hawakuonekana kuwa na akili zaidi ya waliochelewa.

Mstari tunaoutumia ni miezi 18. Akifika hapo hajatembea bila kushikwa, apelekwe akaangaliwe hata kama ananawiri. Wengi watarudi nyumbani na jibu zuri. Wachache watakuwa na jambo lenye tiba, na tiba hiyo inafaa zaidi ikianza mapema.

Sasa nisikilizeni vizuri. Hiyo miezi 18 ni ya mtoto ambaye mengine yote yako sawa. Wapo ambao hawatakiwi kusubiri hata wiki. Miezi tisa imepita na hawezi kukaa bila kuegemezwa. Ukimnyanyua kwapani analegea na kukuponyoka mikononi, au miguu inakakamaa na kupishana kama mkasi. Ana mguu mmoja unaoonekana mfupi, au anachechemea. Alikuwa anasimama, sasa hasimami tena. Hao wapelekwe leo.

Na kuna dalili moja ambayo watu huifurahia bila kujua: mtoto kutumia mkono mmoja tu kabla hajafikisha mwaka. Nilikuwa na mtoto kwenye mkeka, mama yake ananiambia kwa furaha kwamba huyu ni wa mkono wa kushoto kama marehemu babu yake. Nikaweka funguo zangu upande wa kulia wa mtoto, karibu kabisa na kiganja. Aliziona, akazitaka, akajipinda mwili mzima ili azifikie kwa kushoto. Mkono wa kulia ulibaki umefumba, kidole gumba kimejificha ndani ya ngumi. Katika umri ule mtoto anatakiwa achukue kitu kwa mkono wowote ulio karibu. Akichagua mmoja mapema hivyo, tunauchunguza ule aliouacha. Yule alikuwa na mtindio wa ubongo wa upande mmoja, na tulianza naye mazoezi akiwa bado hajasimama.

Kuhusu kubemenda nitasema wazi. Tendo la ndoa la mzazi, ndani au nje ya ndoa, haliwezi kumzuia mtoto kutembea. Joto la mama haliharibu maziwa. Lakini najua kwa nini wazee wetu waliamini, kwa sababu kitu walichokiona kilikuwepo kweli. Mama alishika mimba nyingine mtoto akiwa bado mdogo, mtoto akaachishwa ziwa ghafla, akawekwa kwenye uji mtupu wa mahindi. Akakonda, au akavimba miguu na nywele zikabadilika rangi, akaacha kusimama. Wakasema kabemendwa. Ugonjwa ulikuwa njaa ya protini na nishati. Mtoto wa namna hiyo anahitaji maziwa, mayai, maharage, dagaa na kituo cha afya. Mama yake anahitaji kusaidiwa, na kumsimanga hakumsaidii mtoto.

Mnaweza kuuliza. Nikitoka kazini nitajibu.

---

Mama Tausi

Dada asante, umenipunguzia presha. Wangu ana miezi 16. Hakutambaa kabisa maisha yake. Anakaa, halafu anajisukuma kwa makalio, mguu mmoja mbele, anakimbia hivyo nyumba nzima mpaka kaptura zinatoboka. Nikimsimamisha anakunja miguu juu, hataki kukanyaga. Mama mkwe anasema nimpeleke kwa mtaalamu wa jadi.

Mama Mazoezi

Mama Tausi, hao wanaosota kwa makalio nawafahamu vizuri. Katika ule utafiti wa nchi tano, karibu watoto 4 katika kila 100 hawakuwahi kutambaa kwa mikono na magoti, na walitembea. Wanaosota huwa wanachelewa kuliko wenzao, wengine wanakaribia miaka miwili. Na kule kukunja miguu ukimsimamisha, ni kama vile amekaa hewani, ndiyo tabia yao. Muulize mama mkwe kwa upole baba wa mtoto alianzaje kutembea, au shangazi zake. Mara nyingi jambo hili liko kwenye familia.

Hata hivyo miezi 18 ikifika apelekwe. Nataka mtu amshike misuli na kumpima nyonga kabla hatujasema ni kusota tu. Kwa sasa mkalishe kwenye kistuli kifupi, nyayo zote ziguse sakafu, weka kitu anachokipenda kwenye kiti mbele yake ili ainuke mwenyewe. Usimvute mikono.

---

Baba Arusha

Mkuu, mimi nimenunua kile kigari cha kutembelea, woka. Mtoto ana miezi 10, anakimbia nacho ile mbaya. Si kinamfundisha?

Mama Mazoezi

Hakimfundishi, kaka yangu, na naomba ukitoe. Ndani ya woka mtoto amebebwa na kiti, anajisukuma kwa ncha za vidole, hajifunzi kushika uzito wake wala kupoteza balansi na kuirudisha. Na mtoto wa miezi 10 mwenye magurudumu anafika kwenye jiko la mkaa, kwenye chupa ya chai na kwenye ngazi kabla hujageuza shingo. Canada ilipiga marufuku uuzaji wake mwaka 2004.

Mtoto anahitaji sakafu. Watafiti wa New York waliwahesabu watoto wanaojifunza kutembea wakiwa wanacheza wenyewe: kwa wastani hatua 2,368 kwa saa moja, na kuanguka mara 17. Anguko moja linamfundisha zaidi ya siku nzima ndani ya woka. Mwache peku ndani ya nyumba, nyayo zionje sakafu. Akitaka cha kusukuma, mpe ndoo iliyogeuzwa au kiti cha plastiki kizito kidogo.

---

Mkaazi wa Pipeline

Nikiwa hapa Nairobi niongezee. Msichana wetu alifika miezi 19 bila kutembea. Tunaishi ghorofa ya kwanza na mbele ya dirisha kuna ukuta wa ploti ingine, taa ni ya kuwasha mchana. Mimi na mke wangu tulikuwa tunaenda job asubuhi, mtoto anabaki na dada wa kazi ndani ya nyumba mpaka jioni. Alikuwa mnono tu, anakula, ila kichwa kilikuwa kinatoa jasho hata usiku wa baridi, na viungo vya mikono vimetokeza kama vile ana bangili chini ya ngozi. Akisimamishwa analia. Daktari alipiga picha ya mkono, akasema ni ugonjwa wa mifupa laini, ule wa matege, kwa kukosa vitamini D. Akawekwa kwa dawa na kalsiamu. Saa hii anakimbia, miguu bado imepinda kiasi lakini inanyooka.

Mama Mazoezi

Nashukuru sana kwa kuleta hili, na umeeleza dalili kuliko vitabu vingi. Watu wanadhani kwa kuwa tuna jua, watoto wetu hawawezi kukosa vitamini D. Jua la nje halimfikii mtoto aliyefungiwa ndani. Madaktari wa Kenya wameandika kwa miaka mingi kuhusu matege ya watoto katika mitaa ya mabanda na maghorofa ya Nairobi, na huku kwetu pia tunawaona. Maziwa ya mama ni bora kwa mambo karibu yote, ila vitamini D iliyomo ni kidogo. Mapendekezo ya kimataifa ya mwaka 2016 ni kwamba mtoto chini ya mwaka apewe yuniti 400 za vitamini D kila siku kama kinga. Dozi ya tiba ni kubwa zaidi na inaandikwa na daktari, tafadhali msijinunulie dukani mkakadiria, ikizidi nayo ni sumu.

Dalili nyingine muangalie: utosi uliochelewa kufunga, meno yaliyochelewa, vinundu kwenye mbavu. Kuhusu supu ya kongoro wanayopewa hawa watoto, si mbaya kwa kunywa, lakini kalsiamu inayotoka mfupani kuingia kwenye supu ni ndogo. Dagaa waliosagwa na mifupa yao wanampa zaidi, na maziwa pia.

---

Bint Mrima

Hayo ya ndani ya nyumba yapo hata huku Muscat. Mchana wa kiangazi hakuna anayetoka, watoto wanashinda kwenye kiyoyozi, na sisi wenyewe tunatoka tumejistiri. Mtoto wangu nilipewa matone ya vitamini D kliniki tangu akiwa mchanga, wala sikuombwa sababu. Ndugu zangu walioko Unguja nikiwaambia wanashangaa. Nilikuwa sijui kuwa Oman ilikuwemo kwenye utafiti ule wa kutembea.

Mama Mazoezi

Ilikuwemo, dada, na ni hapo hapo Muscat. Endelea na matone kama ulivyoelekezwa.

---

Bibi wa Pangani

Wanangu, mimi ni mtu mzima, mjukuu wangu kanifungulia humu nisome na kunijibia. Sisi watoto wetu tuliwachimbia shimo ufukweni, mtoto unamsimamisha, mchanga unafika kwenye magoti au kiunoni, unamwacha hapo kidogo huku unamwimbia. Wakatembea wote. Mnataka kusema tulikosea?

Mama Mazoezi

Shikamoo bibi. Nafurahi umekuja.

Siwezi kukuambia kwamba kumfundisha mtoto kusimama ni makosa, maana ushahidi uko upande wako. Kuna mtafiti Mmarekani, Charles Super, aliandika mwaka 1976 kuhusu watoto wa Kipsigis wa Kokwet, magharibi mwa Kenya. Kina mama wale walikuwa wanawazoeza watoto kukaa na kutembea kwa makusudi, kila siku. Watoto wao wakawahi kukaa, kusimama na kutembea kwa kama mwezi mmoja mbele ya wenzao wa Marekani. Kwenye kutambaa, ambako hawakufundishwa vile, hawakuwa mbele. Mikono ya mama inafanya kazi, bibi, hilo limepimwa.

Na kubeba mtoto mgongoni kwa kanga, miguu imetanuka kiunoni kwa mama, ni kinga nzuri ya nyonga. Malawi, ambako watoto wanabebwa vivyo hivyo, madaktari wamekuta watoto wenye nyonga zilizoteguka tangu kuzaliwa ni nadra sana.

Shimo ndilo linalonipa shida. Mtoto mzima atasimama hata bila shimo. Mwenye mifupa laini ya matege, au mwenye miguu iliyokakamaa, mchanga unambana katika mkao mbaya na yeye hawezi kujitoa. Lile la kumwimbia na kumshangilia libaki, bibi, na asimame kwa kushika magoti yako ukiwa umekaa mkekani. Hapo akichoka atakaa mwenyewe.

Bibi wa Pangani

Marahaba mwanangu. La magoti tulikuwa tunafanya pia. Shimo ni kwa yule aliyekataa kabisa.

Mama Mazoezi

Basi yule aliyekataa kabisa, bibi, ndiye namuomba mimi aje kwangu.

---

Nesi wa Zamu

Nipite kidogo. Kwa watoto wa kiume ambao miezi 18 imepita na hakuna sababu inayoonekana, muwakumbushe madaktari kipimo cha damu cha CK, kinachoonyesha kama misuli inaharibika. Kuna ugonjwa wa kurithi wa misuli unaoitwa Duchenne, unawapata zaidi wavulana, baadhi yao huanza kwa kuchelewa kutembea na tunaugundua miaka mingi baadaye, mtoto ameshaanza kuinuka kwa kujipandia mapaja kwa mikono. Na mtoto wa mama mwenye VVU akamilishe vipimo vyake vyote, virusi vikiingia kwenye ubongo kutembea kunachelewa pia.

---

Mdau wa Kahama

Mama Mazoezi, nimesoma uzi huu mara kadhaa kabla ya kuandika. Mwanangu wa kwanza ana miezi 20. Hasimami. Mke wangu amerudishwa kwao tangu mwezi uliopita, mama yangu na dada zangu walisema kambemenda mtoto wetu, na mimi nikiwa mgodini nilipigiwa simu tu kuambiwa. Mtoto alizaliwa njiti, mimba ya miezi saba, akakaa hospitali, akabebwa kifuani kwa ile njia ya kangaruu. Ukimnyanyua miguu inapishana kama ulivyoandika. Akishikwa anakanyaga kwa ncha ya vidole.

Mama Mazoezi

Kaka, pole, na umefanya vyema kuandika.

Kwanza hesabu. Mtoto njiti tunampunguzia muda alioukosa tumboni mpaka afikishe miaka miwili. Kama aliwahi kwa miezi miwili, kwangu mimi ana miezi 18, siyo 20. Hata hivyo hiyo miguu kupishana na kukanyaga kwa vidole haiwezi kusubiri.

Pili, ulichokieleza nakiona sana kwa watoto waliozaliwa kabla ya wakati. Ubongo wa njiti una sehemu laini karibu na katikati, na nyuzi zinazopeleka amri miguuni hupita hapo. Zikidhurika, miguu hukakamaa kuliko mikono. Siwezi kumpima mtoto kwenye jukwaa na sitampa jina la ugonjwa hapa. Lakini kama ni hivyo, jambo hilo lilitokea wiki za mwanzo za maisha yake, kabla hajafika hata nyumbani kwenu. Mke wako hana alichofanya. Waambie mama na dada zako hivyo hivyo nilivyoandika, na ukipenda wasomee.

Nijibu kitu kimoja: anakaa mwenyewe bila kuegemea?

Mdau wa Kahama

Anakaa. Alianza kukaa akiwa na mwaka na miezi kama miwili. Anacheza na vifuniko, anaita "baba" nikimpigia simu.

Mama Mazoezi

Hilo ni jambo kubwa. Kwa watoto wa aina hii, anayekaa mwenyewe kabla ya miaka miwili ana nafasi nzuri ya kutembea siku moja, wengine wenyewe, wengine kwa fimbo au kigari cha kushika. Usimruhusu mtu akwambie hakuna la kufanya.

Kwa ulipo, hospitali ya rufaa ya kanda ni Bugando, Mwanza. Anzia hospitali ya wilaya upate barua, na uombe waandike kabisa "daktari wa watoto na fiziotherapia". Watakupangia mazoezi ya kunyoosha misuli ya nyuma ya mguu na mapaja, huenda na viatu maalumu vya kushika kifundo. Mazoezi yanafanyika nyumbani kila siku, akibadilishwa nguo, akiogeshwa. Kwa hiyo anayekaa naye kila siku ndiye anayetakiwa kuyajua.

Mdau wa Kahama

Anayekaa naye ni mama yake, huko kwao.

Mama Mazoezi

Basi siku ya kwenda Bugando mchukue yeye.

Mama Tausi

Kaka nenda kamchukue mkeo.

Mdau wa Kahama

Nimeomba ruhusa kazini, Ijumaa natoka. Nimemsomea mama yangu ile sehemu ya wiki za mwanzo. Hajasema kitu, ila ameuliza kama ile kadi ya kliniki na karatasi za hospitali alikozaliwa zinahitajika, kwa sababu yeye ndiye aliyezitunza.

Mama Mazoezi

Zinahitajika zote. Hasa karatasi ya kuruhusiwa kutoka wodi ya watoto wachanga: wanaangalia uzito wa kuzaliwa, kama alilia mara moja, kama alipata manjano au degedege. Chukua na kaptura fupi ya mtoto, wataangalia miguu wazi. Mpigie picha ya video akiwa anakaa na kucheza nyumbani, maana akifika hospitali atalia na hawataona anachoweza. Ukishapata tarehe ya kuonwa, andika hapa hapa.